Sekunde Ishirini

Mwaka jana, zimebaki siku tisa tuingie kwenye mitihani, dada yangu alijifungua Makunduchi. Mimba ilikuwa na wiki 31. Mtoto kilo 1.3, si unajua kilo moja na kitu ya sukari inavyojaa mkononi, basi ndiyo hiyo. Usiku ule ule wakaletwa mjini kwa gari ya wagonjwa, mwendo wa kiasi cha kilomita 60, dada kamweka mwanawe kifuani ngozi kwa ngozi, Kitogani, Jozani, Tunguu, anasema hakuona hata mti mmoja.

Mimi niko chuo, kwa hivyo kikao cha familia kikakata shauri bila mimi: wewe ndiye uliye karibu, utakuwa unamsaidia mwenzio. Mitihani haikutajwa. Na mimi sikuitaja.

Siku ya kwanza kuruhusiwa kumwona nilimtazama anavyolala. Anapumua mbiombio, kifua kinaingia na kutoka, kisha kimya. Nikahesabu: tano, sita, saba. Halafu akaendelea kama hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Nesi wa zamu, mama mtu mzima, akanicheka kidogo. "Hivyo ndivyo wanavyopumua njiti, mwanangu. Akinyamaza sekunde tano mpaka kumi na rangi yake nzuri, mwache. Ikifika ishirini, au kabla ya hapo ukaona midomo inageuka, msugue wayo na uniite."

Nilimuuliza kwa nini mtu asahau kupumua. Akaniambia hajasahau, hajajifunza bado. Tumboni hewa yake ilikuwa inapitia kwa mama, kwenye kondo. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi, kule chini kwenye shina lake, hukomaa mwishoni mwishoni mwa mimba. Mimi na wewe tukibana pumzi, hewa ya ukaa inajaa kwenye damu na ubongo unapiga kelele mpaka tuachie. Wa njiti unanong'ona tu. Usingizini ndiyo mbaya zaidi, na mtoto wa namna hii analala karibu siku nzima. Tena koo lake laini, shingo ikikunjika tu njia inaziba. Waliozaliwa kabla ya wiki 28 karibu wote hupitia haya, na wengi huacha wanapokaribia umri wa wiki 36 au 37, ukihesabu tangu mimba.

Na dawa? Kafeini. Nikadhani sijasikia. Ndiyo hiyo hiyo ya kwenye kahawa, ila imepimwa kwa uzito wa mtoto, inapitia mshipani au kwenye mpira wa puani. Nilipompigia simu babu, akanyamaza, kisha nikasikia anawatangazia wenziwe barazani: "Kitukuu wangu wa siku tatu kashaanza kahawa! Basi mpelekeeni na kashata." Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2006 timu ya daktari Barbara Schmidt ilitoa matokeo ya watoto 2,006 waliozaliwa chini ya gramu 1,250. Waliopewa kafeini waliachana mapema zaidi na mashine za kupumulia. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu kila usiku ili nisilale nisome, na yeye kitandani anapewa yake ili alale na asife.

Usiku wa nne mashine inayolia pumzi ikikatika ilihamishiwa kwa mtoto mdogo zaidi yake. Sikulaumu, yule alikuwa na hali mbaya. Dada akaenda kukamua maziwa, akaniambia, "Mtazame." Nikasema sawa. Nilikuwa na karatasi za uhasibu mapajani. Nikasoma ukurasa mmoja. Labda miwili.

Nilipoinua kichwa, kifua kilikuwa kimetulia. Nikaanza kuhesabu: moja, mbili. Halafu nikatambua kuwa sijui nianzie wapi. Moja yangu huenda ni kumi na tano yake. Huenda ni arubaini. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nikamsugua wayo. Kimya. Nikasugua mgongo, nikapiga ukelele, nesi akaja mbio, akamnyoosha shingo, akamsugua kwa nguvu ambazo mimi nisingethubutu. Akalia. Sauti kama ya paka mdogo.

Dada aliporudi na kikombe cha maziwa, nilikuwa nimekaa pale pale, karatasi zimeanguka. "Vipi?" "Mzima." Nesi alinitazama, akaendelea kuandika kwenye faili. Mpaka leo sijamwambia dada. Atasoma hapa.

Walikaa wiki tano. Hawakuruhusiwa mpaka zilipopita siku saba mfululizo bila kusita hata mara moja, na kafeini imeshaachwa. Ule mtihani wa uhasibu nilirudia.

Likizo nilikwenda Makunduchi kwa daladala, 310, nikalala chumba kimoja nao. Kitoto kimenenepa, mashavu yanameza pua. Saa tisa za usiku nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kifuani pake nikifunika mwanga kwa kiganja. Upande wa pili wa chandarua kulikuwa na tochi nyingine imeshawashwa.

Hatukusemezana. Yeye alikuwa anakoroma.