Taa ya Ghala na Barua Yangu

Ndugu msomaji, nataka nikueleze habari ya taa moja na barua moja. Barua niliiandika mimi mwenyewe. Taa sikuijua vizuri, na kwa sababu hiyo barua yangu ilimwumiza mtu.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nina umri wa miaka 36, na nina cheti cha kazi hiyo. Nafanya kazi katika kijiji cha wakulima wa korosho, mkoani Mtwara. Huko kusini, tangu mwaka 2007, korosho huuzwa kwa mpango wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo wake kwenye ghala la chama cha msingi. Unapimwa, anapewa stakabadhi, kisha anasubiri mnada ndipo alipwe. Kwa hiyo mlango wa ghala ukivunjwa, kijiji kizima hakilali.

Darasa letu la jioni liko karibu na ghala. Nyuma ya ghala chama kilifunga taa ya ulinzi yenye kamera. Haitumii umeme wa waya wa barabarani. Inatumia jua. Huenda umeiona taa ya namna hiyo madukani.

Nikueleze inavyofanya kazi. Mchana, paneli hupokea mwanga wa jua na kujaza betri. Usiku, taa hukaa kimya bila kuwaka. Chini yake kuna kijicho cheupe, mfano wa nusu ya yai. Kijicho hicho hupokea joto. Mwili wa mtu una joto, na mtu akipita mbele yake kijicho kinatambua kwamba joto limesogea. Hapo kamera inaamka na kuanza kupiga picha, na kama ni usiku, taa inawaka kwa ghafla. Mwizi hapendi mwanga wa ghafla. Taa ile ilitulinda msimu mzima bila matatizo.

Msimu uliofuata, taa iliacha kuwaka. Mlinzi wetu, mzee wa miaka karibu 70, alitoa habari mara mbili kwa viongozi wa chama. Mara zote mbili aliambiwa apande ngazi aifute vumbi. Alipanda, akafuta. Taa haikuwaka.

Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja wezi walivunja mlango wa nyuma wakachukua magunia mawili. Kamati ilitazama picha za kamera. Kamera ile huona hata gizani, kwa sababu hutoa miale ambayo macho ya binadamu hayaioni. Lakini picha hizo hazina rangi, na haifiki mbali. Tuliona migongo ya watu wawili, basi. Baadaye kidogo tukaona tochi ya mzee ikipita.

Wajumbe wakauliza: kamera ni nzima, taa haiwaki, imekuwaje? Mmoja akajibu kwamba mzee ameizima. Neno hilo likazunguka chumba, na lilipomaliza kuzunguka lilikuwa limekuwa kweli. Mimi si mjumbe wa kamati. Waliniita kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Niliandika barua ya kumsimamisha kazi, na ndani yake niliandika, “uliizima taa kwa makusudi.” Hakuna aliyenilazimisha kuandika hivyo.

Nilimpelekea barua nyumbani kwake. Nilidhani atamwita mjukuu amsomee. Kumbe mzee yule alisoma kisomo mwaka 1975, wakati wa kampeni ya kufuta ujinga. Aliifungua, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaisoma yote polepole mbele yangu. Mkewe alikuwa anapepeta mchele. Aliacha kupepeta.

Mzee alipomaliza aliniuliza, “Mwalimu, umeandika kwamba niliizima taa. Hebu nionyeshe swichi yake.”

Sikuwa na jibu. Taa ile ipo juu, mita tatu kutoka chini. Huamriwa kwa rimoti, na rimoti ilikuwa imefungiwa kabatini ofisini. Ufunguo wa kabati mzee hakuwa nao. Mambo hayo niliyajua kabla ya kushika kalamu.

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nilikwenda kwa katibu, nikaomba ngazi na rimoti, nikamwomba mzee anisindikize. Alikuja, ingawa hakuwa na sababu ya kunisaidia.

Msomaji, ukipatwa na jambo kama hili, usikimbilie kununua taa mpya, wala usifungue betri. Betri za taa hizi zikitobolewa au zikitupwa motoni huweza kulipuka. Anza na yaliyo rahisi.

Tulianza na paneli. Tuliipangusa kwa kitambaa chenye maji asubuhi na mapema, kabla bati halijapata moto. Kweli mzee alikuwa ameitunza, vumbi lilikuwa kidogo tu. Hakuna mti uliotia kivuli. Ilielekezwa kaskazini, kama inavyotakiwa huku kwetu kusini mwa ikweta. Kijicho nacho kilikuwa na utando wa buibui, tukautoa. Lakini kosa halikuwa kwenye kijicho. Kijicho kile kile ndicho huamsha kamera, na kamera ilikuwa inapiga picha kila usiku. Tulibonyeza rimoti na kuirudisha taa kwenye mpango wake wa kawaida. Usiku tukapita mbele yake mara nne. Giza.

Ikabaki kuuliza: je, taa zenyewe zimeungua, au betri imechoka? Hapa mzee ndiye aliyenifundisha. Alisema, “Tuidanganye kwamba ni usiku.” Kesho yake mchana aliazima khanga kwa mkewe, akaikunja mara nne, akafunika paneli yote. Nikapita mbele ya kijicho. Taa iliwaka! Tena iliwaka kwa nguvu, si kwa unyonge. Tulisimama pale tunaitazama taa inayowaka mchana na kukataa usiku.

Jioni nilieleza habari hiyo darasani. Niliwaandikia ubaoni: taa, paneli, betri, mchana, usiku. Mama mmoja mfuga kuku, ambaye wakati huo alikuwa bado anachanganya herufi b na d, aliinua mkono. Alisema, “Mwalimu, tangu mlipoleta balbu yenu hiyo ya nje, kuku wangu hawalali. Mwanga unaingia bandani, wanadonoa mpaka usiku. Wanadhani bado mchana. Labda na taa imedanganywa.”

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Sikuwa nimekuambia, ndugu msomaji, kwamba mwezi wa tisa darasa letu lilipata umeme. Nilimwomba fundi aweke balbu ya nje ili akina mama wasitoke gizani. Aliifunga ukutani, juu ya bati la baraza letu. Na paneli ya ghala ilikuwa juu ya bati hilo hilo, kwa kuwa ndipo penye jua la kutosha, waya ukaenda mpaka nyuma ya ghala. Balbu na paneli havikuachana hata mita moja. Mimi nilikuwa naiacha balbu iwake mpaka asubuhi, nikijisifu kwamba nalinda shule.

Taa nyingi za jua hazina saa ya kuziambia kwamba jua limekuchwa. Paneli yenyewe ndiyo hutoa habari. Ikipata mwanga, taa huhesabu kuwa ni mchana, na mchana haiwaki hata apite nani. Balbu yangu haikuweza kujaza betri, lakini iliweza kuidanganya taa.

Tulitoka wote nje. Nilizima balbu. Mzee alikwenda nyuma ya ghala peke yake, na kabla hajafika mlangoni uwanja wote ulijaa mwanga. Nilimwona amesimama, mkono juu ya macho.

Fundi alihamisha balbu upande wa pili wa ukuta. Kamati ilikutana tena. Wajumbe wawili walitaka jambo hili liishe kimya kimya, mzee arudi kazini bila maneno mengi. Nilikataa. Kosa lilikuwa limeandikwa, na kijiji kilikuwa kimeshalisikia. Nilisimama nikasema balbu ni yangu na barua ni yangu. Walikubali iandikwe barua nyingine, na alipwe siku zake kumi na moja alizokaa nyumbani. Magunia mawili hayajapatikana mpaka leo, na wezi hatukuwajua.

Barua ya pili niliiandika usiku, nikaisoma mara tatu. Niliandika kwamba taa haikuzimwa na mtu, kwamba mzee alitoa habari mara mbili asisikilizwe, na kwamba chanzo kilikuwa balbu ya darasa. Asubuhi niliipeleka. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza kama siku ile. Mkewe safari hii alikuja akasimama nyuma yake, na yeye akasoma kwa sauti ili mkewe asikie.

Alipofika mwisho alinirudishia karatasi.

“Hukuandika tarehe,” alisema.

Nilitoa kalamu, nikaandika tarehe.