Shati la Pete Elfu Ishirini

Swali la kwanza ninaloulizwa na kila anayeliona shati langu ni kama linazuia risasi. Halizuii. Risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Ikilipata shati la pete za waya hulipasua, na vipande vya pete huingia mwilini pamoja nayo, jeraha likawa baya kuliko la mtu aliyevaa kitambaa tu. Hayo niliyajua kabla sijakata pete ya kwanza. Nayasema mapema kwa sababu hapa Lokori mtu akisikia habari za vazi la chuma, mawazo yake hukimbilia vita, na mimi nimekuja kushuhudia jinsi vazi hilo lilivyonitoa vitani.

Nimechunga mifugo kando ya mto Kerio tangu utotoni, na bunduki niliishika kabla sijaota ndevu. Hakuna aliyenilazimisha. Kwetu Turkana Mashariki, kijana anayefuata mbuzi mbali na boma mikono mitupu humnyima mama yake usingizi. Kisha ukaja ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ikapita bila mvua ya maana. Ng'ombe wakatutangulia, mbuzi wakafuata, tukabaki na ngamia wachache. Malisho yaliyosalia yalikuwa kusini, kuelekea bonde la Suguta, mahali ambapo kila mfugaji anapatamani na kila mfugaji anapaogopa. Mdogo wangu alikwenda huko na ngamia. Alipigwa risasi akichota maji kwenye kisima cha mchangani. Sitaji waliomuua ni kabila gani. Msomaji wa Kenya ataanza kukisia, na kukisia huko ndiko kunakotumaliza sisi na wao.

Baada ya kumzika sikulia. Nilikaa na bunduki usiku kucha, nikiipangusa ilhali ni safi. Wenzangu wa rika walikuwa wanapanga safari ya kulipiza, na mimi ndiye niliyewaharakisha. Mke wangu alihamia nyumba ya mama pamoja na watoto. Hakusema anaogopa nini. Wakati huo mikono yangu ilikuwa haitulii. Nikishika kikombe, chai inamwagika. Nilikuwa na hasira yenye haraka, na mtu wa namna hiyo ukimwambia asubiri kesho umemtukana.

Aliyenipa kazi hii ni mwalimu mmoja wa historia aliyekuwa akifundisha shule ya upili hapa. Alikuja kunipa pole. Hakunihubiria. Alitoa mfukoni kipande cha chuma kilichofumwa, ukubwa wa kiganja, akanikabidhi. Kilikuwa kizito, lakini kilimwagika katikati ya vidole kama maji. Alikuwa amekifuma mwenyewe kwa waya wa sengenge ili wanafunzi wake washike kwa mikono kile wanachokisoma. Akaniambia kwamba watu wa Sudan walivaa mashati ya namna hiyo hadi karne ya 19, na kwamba miongoni mwa wapanda farasi wa Khalifa Abdullahi, aliyeshindwa Omdurman tarehe 2 Septemba 1898, walikuwamo wenye mashati hayo. Siku ile bunduki ziliwafyeka kwa maelfu, wenye vazi la chuma na wasio nalo. Nilimuuliza inachukua muda gani kutengeneza shati zima. Akasema miezi mingi. Sijui kwa nini jibu hilo lilinivuta. Labda nilikuwa natafuta kitu chochote ambacho hakingekwisha usiku ule.

Waya niliagiza Lodwar kwa dereva wa lori, ule wa mabati wenye unene wa milimita 1.6, wa kawaida kabisa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Waya mweusi wa kufungia nondo ni laini mno, na ukipata jasho unashika kutu. Nilichimbia magogo mawili, nikayatoboa, nikapitisha fito laini ya chuma ya milimita 8 na kuipinda ncha iwe mpini. Ukizungusha, waya hujiviringa duru kwa duru hadi upate kitu kama springi ndefu. Ukiiachilia hulegea kidogo, kwa hiyo pete huwa pana kuliko fito yenyewe, na hilo ulikumbuke unapopima. Kisha unakata duru moja moja. Plaisi hukata haraka lakini huacha ncha zilizochongoka, nazo hukwaruza ngozi na kunasa nguo. Msumeno wa chuma ni wa polepole, ila ncha zake hukutana sawasawa. Nilichagua msumeno. Na yeyote atakayejaribu, asiutie waya huu motoni ili kuulainisha: ile rangi yake ya kung'aa ni zinki, na moshi wake ni sumu.

Pete haifunguliwi kwa kuitanua. Ukiitanua hairudi tena kuwa duara. Unashika ncha zake kwa plaisi mbili, unasukuma moja mbele na kuvuta nyingine nyuma, na kuifunga ni mwendo huo huo kinyume chake. Kila pete hupita ndani ya nyingine nne, mbili za safu ya juu na mbili za safu ya chini. Fundisho lote ndilo hilo, mtoto wa darasa la tatu anaweza kulielewa. Ugumu uko katika kurudia. Mita moja ya waya hutoa pete kama 33, kilo moja kama 2,100, na shati la mtu wa kimo changu, lenye mikono mifupi na linalofika mapajani, hula pete kama 20,000. Uzito wake hukaribia kilo 10. Hasira yangu ilijaribu kuikimbiza kazi hii ikashindwa. Ukifunga pete kwa pupa, ncha hazikutani, mwanya unabaki, na kesho yake pete jirani inachomoka kupitia mwanya ule ule.

Nilifanya kazi hiyo kivulini, kwenye nyumba ya mama, kwa sababu boma langu halikuwa na mti. Hapo wanawake hukaa kutunga shanga. Nilikuwa sijawahi kukaa nao mchana tangu nianze kuchunga, na shanga nilizihesabu kuwa pambo tu, mistari mingi shingoni, kutoka mabegani hadi kidevuni. Mama alinitazama kwa muda bila neno. Kisha akachukua kipande changu, akakipitisha vidoleni huku macho yakiangalia kwingine, akasimama mahali. "Mwanangu, hapa umeruka." Kweli, pete moja ilikuwa imeshika tatu badala ya nne. Mimi mwenye macho makali nilikuwa sijaliona tundu hilo. Yeye alilihisi. Kuanzia siku hiyo akawa mwalimu wangu wa pili, na nasema wazi kwamba alinifundisha zaidi ya yule wa kwanza: kumaliza safu kabla ya kuinuka, kutenga pete zilizofungwa na zilizo wazi katika vibuyu viwili, kupumzisha macho kwa kutazama mlima. Mlima ndio, si simu.

Katika kukaa hivyo ndipo alipoanza kunisimulia habari za mdogo wangu. Alizaliwa njiani wakati boma likihama. Alikuwa akiogopa ngamia hadi alipofika umri wa kwenda shule, kijana ambaye baadaye alikufa kwa ajili ya ngamia. Mimi kaka yake sikuwa nikiyajua hayo. Mama aliyasema bila kuniangalia, akitunga, nami nikifunga pete, na mikono yetu ikiwa na kazi maneno yalipata njia. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa muda mrefu na hakuna mwanamke aliyenihimiza nijikaze. Nikitafuta mahali maisha yangu yalipogeuka, nakuta ni pale, pamoja na wanawake wenye shanga, shati likiwa bado halijafika hata kifuani.

Usiku wa ile safari ya kulipiza, wenzangu walinijia. Sikuwapa maneno ya busara, sikuwa nayo. Niliwaambia siendi. Mmoja akatema mate chini. Wakaenda bila mimi. Walirudi na mbuzi, na mmoja wao hakurudi. Mama yake hukaa nyumba ya tatu kutoka yetu. Nilipokwenda kumpa pole nilimwona akiwa kama mama yangu alivyokuwa, na sikuweza kupata hata neno moja la kulipiza moyoni mwangu.

Baba mkubwa ndiye niliyemwogopa zaidi. Ana chale begani, zile anazochanjwa mtu aliyeua adui, na nilidhani atanidharau. Aliomba alivae shati. Likamshuka mabegani, akashangaa uzito, akaomba mkanda. Ni kweli, ukijifunga mkanda kiunoni sehemu ya uzito huhamia nyongani na mabega yanapumua. Akasimama hivyo, kisha akaanza kuzungumza juu ya Lokiriama, kule mpakani, ambako mwaka 1973 watu wetu na Wamatheniko wa Uganda walifanya mapatano na kuzika silaha ardhini. Mapatano hayo huadhimishwa hadi leo kila Septemba. "Tulizika chuma," akasema, "hatukufa." Aliniuliza chuma hiki nimekipata wapi. Akasema zamani watu wetu walipata chuma kwa Walabwor wa Uganda, wahunzi hodari, na kilipofika kwetu kilikuwa mkuki, kengele ya ng'ombe, au abarait, kile kisu cha mviringo kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono na kufunikwa makali kwa ngozi. Mikufu ya chuma iliyofumwa kwa ustadi ilikuwa kazi ya Wakamba, na ya wahunzi wa Wamasai, wale Il-kunono. Nilifurahi kujua hivyo. Nilikuwa nimedhani nafanya kazi ya Wazungu.

Februari 2023 serikali ilipotangaza operesheni katika kaunti sita, Turkana ikiwemo, na kuwataka raia wasalimishe bunduki haramu, nilipeleka yangu. Sitamwambia mwingine afanye nilivyofanya. Miezi michache kabla, Septemba 2022, maafisa wa polisi, chifu na raia waliuawa Namariat, humu humu Turkana Mashariki, na ninaelewa kabisa mfugaji anayesema bunduki yake ndiyo kituo chake cha polisi. Boma letu linaangaliwa na askari wa akiba, na usiku mwingine hawatoshi. Naogopa kama wengine. Tofauti ni kwamba sasa nalala, mke wangu amerudi na watoto, na mikono imetulia.

Mwaka jana alikuja mtu kutoka mbali akitaka kulinunua shati kwa mbuzi, na bei yake ilikuwa nzuri sana kwa nyumba ambayo zizi lake lilikuwa bado linajengwa upya. Alikuwa amesikia kwamba mwenye kulivaa hapigwi. Nilimweleza habari za risasi na vipande vya pete. Hakuamini, akaongeza mbuzi. Nilikataa. Mke wangu alisikia bei ile na alisikia nilivyokataa, akaingia kupika.

Nimetoa ushuhuda huu kanisani, na mchungaji aliniuliza mbele ya watu ni siku gani hasa Mungu alinigusa. Nilimjibu kwamba sikuguswa siku moja. Nilipewa kazi ya mikono, na watu wa kukaa nao nikiifanya. Ninaamini hiyo ilitoka kwa Mungu.

Vijana huja jioni. Tunafuma bangili, mikanda na vishikizo vya funguo, mwenye lori huvipeleka Lodwar, na fedha zinazorudi hununua waya na unga. Sharti ni moja: bunduki haiingii kivulini. Wengine huiacha kwa mama zao. Wengine bado hawawezi, hukaa upande wa pili wa ua na silaha magotini, wakitazama, na sijawafukuza. Nawapelekea kipande na plaisi mbili huko huko walipo.