Imani ya Wale Wanne



Juma hili nimekuwa nikiitafakari Injili ya Marko, sura ya 2, pale watu wanne wanapombeba mwenzao aliyepooza, wanazuiwa na umati mlangoni, kisha wanapanda juu na kuitoboa dari ya nyumba ya watu huko Kafarnaumu. (Mwinjili hatuambii mwenye nyumba alisema nini, nadhani alisema mengi.) Neno linalonisimamisha kila mara ni kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao, kwa wingi. Mgonjwa mwenyewe hatujui kama aliamini, kama alikuwa amekwisha kata tamaa, au kama hata alitaka kubebwa. Hasemi neno lolote. Anasamehewa dhambi na kuinuka, na Marko anatuelekeza tuwatazame waliomfikisha.

Nayaandika haya kwa sababu ya mzee mmoja tuliyemzika mwaka jana. Alikuwa fundi seremala. Mabenchi kadhaa tunayokalia kanisani ni kazi ya mikono yake. Alipofiwa na mkewe aliacha kuja Misani, akaacha na sala za jumuiya. Siku moja nilipopita kwake aliniambia, “Padre, naianza Baba Yetu vizuri, lakini nikifika pale pa mapenzi ya Mungu kutimizwa, ulimi unakataa.” Sikumhubiria. Nilimwambia aishie hapo hapo, wenzake wataimalizia. Alicheka kidogo, akanikaribisha chai.

Alipofariki, viongozi wa jumuiya yake walinijia na daftari la mahudhurio. Miaka mitatu, hakuna alama mbele ya jina lake. Michango hakuna, zaka hakuna. Walitaka kujua kama padre atamzika, au ndugu wajizikie wenyewe. Najua kwamba katika maeneo mengi swali hili limekwisha pata jibu, tena jibu kali.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni namba 1184, inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioiasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa; waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo; na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Daftari la mahudhurio halimo, wala risiti ya mchango.

Hata hivyo, sitaki kuwaonea viongozi wale. Hofu yao ni ya kweli. Ndio wanaochimba kaburi, wanaotafuta turubai na masufuria, wanaokesha na wafiwa. Nao huona uchungu kuitwa na mtu siku ya msiba tu, tena akiwa tayari jenezani. Wanauliza: ikiwa kila mmoja atazikwa vilevile, nani atakuja jumuiya? Nami nawajibu kwamba jumuiya inayojazwa na hofu ya kaburi imekwisha poteza sababu ya kuwapo. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuufanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, walitaka Kanisa liishi katika ujirani, mahali ambapo watu wanajuana kwa majina na kwa shida zao.

Niliwauliza swali moja: katika miaka hiyo mitatu, ni nani aliyebisha hodi kwake? Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mama mmoja, asiye na cheo chochote, akasema kwamba alikuwa akimpelekea uji, na kwamba jioni alimtaja katika Rozari yake. Hilo lilinitosha. Tulimzika kwa Misa, na wapo walionuna.

Mimi mwenyewe nina wajibu wa kusali Sala ya Kanisa kila siku, na zipo asubuhi ambapo zaburi hupita midomoni mwangu kama orodha ya bei. Barua za Mama Theresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilituonyesha kwamba hata yeye aliishi miongo mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu. Lakini alikuwa na masista wake wakisali kuume na kushoto kwake. Fundi wetu alikuwa na kiti kitupu cha marehemu mkewe.

Nimewaomba makatibu wa jumuiya zote waongeze safu moja katika daftari, pembeni mwa ile ya mahudhurio: nani alikwenda kumwona ambaye hakuja. Wawili wamekwisha niletea yao niyaone. Mmoja analalamika kwamba safu hiyo ameichora nyembamba mno, majina hayaenei.