Pwani ya Muanda na meta ya mwisho ya uzi



Munajua kwamba kwenye mkutano ujao tutaamua namna ya kutumia akiba ya sanduku letu kwa kuwanunulia wamama wa Kalundu nyuzi na ndoana. Kabla ya kupiga kura, ninaomba niwapeleke mbali kidogo, kule ambako mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa aibu.

Dada yangu mkubwa aliolewa Muanda, mwisho kabisa wa magharibi mwa inchi yetu. Likizo kubwa ya 2022 nilikwenda kumsaidia, sababu alikuwa amejifungua. Safari inachosha: gari kutoka Uvira mpaka Bukavu, ndege mpaka Kinshasa, kisha basi la Matadi, karibu kilometa 350. Pale munavuka mto kwa daraja kubwa lililofunguliwa 1983, munapita Boma, halafu vumbi linawasindikiza mpaka baharini.

Mimi niliyezaliwa kando ya Tanganyika nilidhani najua maji. Tena ni maji yetu: yanatoka ziwani pale Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, na baada ya safari ndefu yanafika Banana, jirani na Muanda. Lakini nilipoyaonja yalikuwa ya chumvi, na mawimbi yake sikuwahi kuyaona. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mbingu ya kijivu, baridi kidogo. Nyuma yetu kulikuwa na kingo za udongo mwekundu, na usiku tuliona mbali baharini mioto ya visima vya petroli.

Shemeji alikuwa na miezi mingi bila mshahara. Watoto wadogo walisoma bure, maana shule ya msingi haina malipo tangu 2019, lakini kijana wao mkubwa alikuwa sekondari, na deni la ada lilibaki. Kilichowasaidia ni fimbo ndefu ya kuloba aliyoiacha marehemu baba yake shemeji. Kila jioni, maji yakianza kupanda, shemeji alisimama kwenye mchanga na kutupa ndoana mbali, ng’ambo ya wimbi la kwanza. Mama mkwe wa dada yangu aliketi nyuma yake na kikapu. Kufunga ndoana ilikuwa kazi ya mama huyo, na hakumwachia mtu.

Jioni moja mama alikuwa na homa. Nikasema, “Mama, pumzika, hata kwetu tunaloba. Nitafunga mimi.” Nikafunga haraka, giza likiingia. Kabla ya saa mbili za usiku fimbo ilipinda mpaka shemeji akapiga kelele. Alivuta, akarudi nyuma, akavuta tena. Tulimwona samaki kwenye povu: capitaine, mrefu kama mtoto wa miaka minne. Halafu uzi ukalegea.

Hakuna aliyesema neno mpaka nyumbani. Mama aliomba taa, akaichukua ncha ya uzi na kuigeuza karibu na macho. Dada alinitafsiria kutoka Kikongo: “Mwanangu, uzi huzungumza. Ukikatwa na meno, ncha ni safi. Ukisuguliwa na mchanga, ncha ina manyoya na weupe. Huu umejikunja kama mkia wa nguruwe. Haukukatika. Ulijifungua.”

Nililia, wamama. Samaki yule angelipa sehemu kubwa ya deni la kijana.

Asubuhi mama alinifundisha, naye bado anatetemeka. Nilikaa chini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kwanza, uzi mrefu mwembamba ni wa kufika mbali, lakini hauwezi kazi ya mbele. Pale mbele kuna mchanga na maganda ya kombe yanayousugua usiku mzima, kuna mwili wa samaki, na kuna nguvu ya kutupa. Kwa hiyo mbele unaungwa uzi mnene zaidi. Wa kutupia uwe mrefu: uanzie kwenye risasi, upite fimbo nzima, na uzunguke mara kadhaa kwenye gurudumu la kukunjia. Hesabu yao ni hii: kwa kila gramu 30 za risasi, uzi huo uweze kubeba kilo 5. Risasi ya gramu 150 inataka uzi wa kilo 25. Uzi mwembamba ukikatika wakati wa kutupa, risasi inaruka na inaweza kumuua mtu aliyesimama pwani.

Pili, risasi. Yao ina miguu minne ya waya inayoshika mchanga ili wimbi lisirudishe ndoana ufukweni. Penye mawe mengi mama alifunga bugi ya zamani ya gari, sababu ikinasa, hasara ni ndogo. Na alinionya jambo ambalo ninawaonya nanyi: tusiyeyushe risasi za betri mbovu kwenye jiko wala sufuria ya nyumbani. Moshi na vumbi lake ni sumu, na huharibu akili ya mtoto pole pole bila mtu kujua.

Tatu, fundo. Mimi nilizungusha mara tatu tu, nikavuta uzi ukiwa mkavu. Sasa tufanye vizuri: pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe ncha juu ya uzi mkubwa mara tano, uirudishe kwenye kitundu kilichobaki karibu na ndoana, kisha uipitishe ndani ya duara kubwa ulilolifanya. Lowanisha kwa mate. Vuta pole pole mpaka mizunguko ilale sawa, moja kando ya nyingine. Ukivuta mkavu, nailoni inapata moto kwa msuguano na inapoteza nguvu. Acha ncha ndogo, usikate karibu sana. Halafu jaribu kwa mkono kabla ya samaki hajajaribu.

Nne, kila baada ya samaki mmoja, pitisha vidole juu ya uzi wa mbele. Ukisikia mkwaruzo, kata kipande hicho na ufunge upya. Kazi ikiisha, osha ndoana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na uweke nyuzi kivulini, maana jua linazizeesha.

Kabla sijaondoka, mama aliniacha nifunge tena. Alivuta fundo langu kwa meno na mikono miwili, kisha akalitia kikapuni bila kunisifu. Usiku ule shemeji alirudi na samaki wawili wa kadiri. Deni halikuisha, lakini kijana alipokelewa shuleni na sehemu ya kwanza ya malipo.

Sasa turudi Kalundu. Wengine wanataka tununue nyuzi nyingi za bei rahisi ili kila mama apate. Ninaelewa. Ziwani kwetu hakuna mawimbi kama yale, wala chumvi, lakini miamba ya pwani yetu inakata uzi vilevile, na sangala mkubwa hana huruma. Ninapendekeza tununue nyuzi za kawaida chache zaidi, na kwa fedha itakayobaki tupate bunda moja la uzi mnene wa kukatiana vipande vya mbele, pamoja na ndoana nzuri.

Hayo ni maoni yangu. Yenu tutayasikia siku ya mkutano. Kila mmoja alete kipande cha uzi na ndoana moja. Tutafunga pamoja kabla ya kupiga kura.

Dada yenu, mwalimu.