Mume Wangu Hakumaliza Kitabu Changu

Kwa zaidi ya miaka kumi ya uhariri nimewaambia watu wengi "hapana". Tena hapana yenye tabasamu: "Asante kwa kutuletea mswada wako, ila kwa sasa..." Nilidhani naijua hiyo shughuli nje ndani. Kumbe nilikuwa naijua kwa upande mmoja tu wa meza.

Mwenzenu nimeandika riwaya. Si ya mapenzi, kama mlivyotarajia, ni ya njozi. Binti wa mteko, yule mtu ambaye zamani kwa Waha alishughulika na mizimu ya ardhi, anaiba ngoma ya Mwami ili mvua irudi kwenye milima ya Manyovu. Manyovu ni nyumbani kwa mume wangu, kule juu mpakani na Burundi. Zamani ilikuwa Kasulu, tangu 2012 iko wilaya ya Buhigwe. Mara ya kwanza kupelekwa ukweni, niliamka asubuhi nikakuta ukungu umefunika migomba yote, nikajua hapa pana hadithi.

Wachapishaji wawili waliniambia njozi haiuzi. Nilishangaa. Shaaban Robert si ndiye aliyewageuza nduguze Adili kuwa manyani, mwaka 1952, na tukasoma wote? Basi nikachapisha mwenyewe, nakala 300. Nilijipa moyo kwa Ben Mtobwa, mtoto wa Kasulu huyo huyo, aliyeanzisha kampuni yake ya Heko na kutoa vitabu hadi Joram Kiango akajulikana nchi nzima. Ila sijui kama Mtobwa alitumia pesa za mabati ya nyumba. Mimi nilitumia. Mume wangu alikubali, akasema tu, "Haya, mabati yatasubiri." Mwaka mmoja baadaye maboksi manne yalikuwa bado chini ya kitanda.

Fungu la vitabu

Ndipo nikasikia habari za mafungu ya vitabu. Tuseme wewe ni msomaji wa njozi. Mtu mwenye jina katika fani hiyo anachagua vitabu, mara nyingi kama kumi hivi vya waandishi tofauti, anavifunga pamoja, vinauzwa kwa intaneti kwa wiki chache tu. Bei unapanga mwenyewe kuanzia kima cha chini, na ukiongeza kidogo unapewa vyote. StoryBundle ya Marekani inafanya hivyo tangu 2012, na vitabu vingi humo ni vya waandishi wanaojitegemea kama mimi. Raha yake ni kwamba anayemfuata mwandishi mwenzako anakwenda nyumbani na wewe pia. Kitabu kisichojulikana kinabebwa mgongoni na kinachojulikana.

Nikapata fungu moja, silitaji, lililokuwa linapokea maombi. Mafungu haya ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nimeshatafsiri riwaya yangu usiku usiku kwa miezi saba. Siku ya mwisho ya kutuma ikaangukia likizo yetu ya Desemba, tukiwa Manyovu. Fomu ilitaka jalada, muhtasari, kitabu kizima, na kiungo cha duka la mtandaoni ili waone maoni ya wasomaji. Nilikuwa na maoni kumi na moja. Tisa ni ya wafanyakazi wenzangu, na wawili kati yao, kusema ukweli, walikosea jina la mhusika mkuu.

Nikamwambia mume wangu, "Baba, niandikie maoni mazuri basi. Tumia jina lingine, nani atajua?"

Akanyamaza. Akaweka kikombe chini.

"Siwezi," akasema. "Sijakimaliza."

Jamani! Mwaka mzima kitabu kiko juu ya meza yake! Siku ya uzinduzi ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Nikamuuliza alifika wapi. Sura ya saba. Kwa nini hakusema? "Ulikuwa na furaha," akajibu, "nikaona nisiiharibu."

Nilimaindi vibaya sana. Usiku ule tulilala kila mtu na upande wake wa blanketi, na baridi ya Manyovu mnaijua.

Nyanya za mama mkwe

Asubuhi mama mkwe akanichukua sokoni kumsaidia kuuza. Akawa anapanga nyanya, tano tano. Mimi, mtaalamu wa mawasiliano mwenye shahada yangu, nikatafuta zile nyekundu nikaziweka juu, zilizolegea nikazificha chini. Mama akalitazama fungu langu, akalibomoa bila neno, akatupa mbili pembeni.

"Mwanangu," akasema, "anayenunua fungu hanunui nyanya. Ananunua jina langu. Akikuta bovu chini, kesho atapita hapa ananisalimia tu, ananunua kwa mwingine."

Nikabaki nimeishika ile nyanya. Yule mchaguzi wa vitabu naye anauza jina lake. Na mimi nilikuwa nataka mume wangu mwenyewe anisaidie kuficha bovu chini ya fungu la watu. Kazini, mwandishi akinifanyia hivyo, simpokei tena.

Sura ya saba

Jioni nikamwomba msamaha. Naye akaniomba, kwa sababu kunyamaza mwaka mzima nako ni uongo, ila umevaa suti. Tukakubaliana: zimebaki siku tisa, nitamsomea kwa sauti, na yeye hatajikaza. Akichoka achoke.

Tukakaa jikoni, taa ya sola mezani, mama mkwe akichambua maharage. Sura sita za kwanza zilikwenda vizuri, hata mama aliacha maharage binti alipoingia kwa Mwami usiku. Sura ya saba, ukurasa wa tatu, nikasikia mtu anakoroma.

Sikumwamsha. Nilichukua kalamu, nikaweka alama palepale. Pale ndipo nilipokuwa nimeanza kueleza koo zote za ufalme wangu, majina yote, vita vyote, kwa sababu nilikuwa nimefanya utafiti na nilitaka watu wajue. Ningekuwa nimeletewa na mtu mwingine ningeikata kwa dakika tano. Nilikata kurasa thelathini na nane. Iliniuma kama kung'oa jino, halafu ikaisha.

Siku ya nane akamaliza kitabu. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo ngoma haikurudi?" Hilo swali nalithamini kuliko nyota tano. Maoni mtandaoni hakuandika mpaka leo. "Mimi mumeo," anasema, "maoni yangu utayapata jikoni."

Siku ya mwisho alinipeleka mahali panaposhika mtandao vizuri, tukasimama kwa upepo kama wachunga mbuzi hadi faili likaondoka. Yale maoni tisa niliwaomba wenye nayo wayafute.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Hapana. Fungu lilikuwa limejaa, na tayari lilikuwa na riwaya nyingine ya wafalme. Nilijua mtindo wa barua ile, maana nimeiandika mara mia. Lakini kulikuwa na sentensi moja ambayo mimi huwa siiandiki kama si kweli: kwamba amekisoma mpaka mwisho, na nitume tena fungu lijalo.

Nitatuma. Mabati tumepata bei nzuri, tunaanza kuezeka mwezi ujao, na maboksi yamebaki mawili.

Na wewe msomaji, kuna kazi ya mwenzio unayoipigia makofi wakati umeishia sura ya saba? Mwambie leo. Atakumaindi usiku mmoja. Chukua blanketi la pili.