Si Kila Ndege ni Mwizi

Wahenga walisema ndege wa rangi moja huruka pamoja. Mimi sina ugomvi na wahenga, lakini nashuku kwamba aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuamia mpunga kule kwetu Ahero. Angeamia hata wiki moja tu, angejua kwamba ndege wa rangi mbalimbali huruka pamoja, na wale wa rangi moja huenda wasiwe na udugu wowote. Mimi nilikosea hapo kwa miaka mingi, na waliolipa ni ndege.

Kwa wenzangu wa mjini, ambao mpunga wanaujua ukiwa sahanini tu, yafaa nieleze kazi hii. Mpunga ukishatoa masuke na kuanza kutia maziwa, ndege huja. Huja mara mbili: alfajiri kabla umande haujakauka, na tena alasiri jua likianza kupoa. Kwa hiyo mwamiaji huamka saa kumi na moja, hupita juu ya matuta kati ya majaruba miguu ikiteleza, na kuanza kupiga kelele kama mwendawazimu. Sisi hufunga mikebe kwenye kamba ndefu, tukaivuta ikalia. Hutandaza utepe wa kaseti kuukuu ili ung'ae na kuvuma upepo ukipita. Tena kuna kombeo na madongo ya udongo. Kazi hii huendelea mwezi mzima, pengine zaidi, na mara nyingi waamiaji ni watoto kwa sababu mtoto halipwi.

Adui mkubwa ni kwelea kwelea. Ni kidege kidogo mno, uzito wake gramu 20 hivi, lakini hakuna ndege wa mwituni aliye wengi kumpita duniani kote. Wakija hawaji kama ndege, huja kama moshi. Moshi huo hupinda, hugeuka, hushuka jarubani, na ukiinuka tena masuke yamebaki makapi. Kidege kimoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Mnamo Januari 2023 magazeti yaliandika kwamba ndege waliovamia mashamba ya mpunga ya Kisumu walikuwa milioni 6. Hebu piga hesabu, msomaji. Hiyo ni tani 60 kwa siku moja, yaani magunia 600 ya kilo mia mia! Ilisemekana kwamba ukame ulikuwa umemaliza mbegu za nyasi za porini, ndipo wakaufuata mpunga. Serikali ikaleta dawa ya kuwanyunyizia.

Wakati huo nilikuwa naingia darasa la nane. Shule zilifunguliwa tarehe 23 mwezi huo, lakini mimi sikwenda. Nilikuwa jarubani na kombeo langu hadi wiki ya pili ya muhula, mwaka wa mtihani, kwa sababu karo ya shule ya upili ilikuwa mle mle ndani ya masuke. Kwa hiyo mtu asinione ninasifu ndege leo akadhani nilizaliwa nikiwapenda. Niliwachukia kama ukoma. Kila kilichokuwa na mabawa kwangu kilikuwa mwizi. Jioni moja nilirudi nyumbani na ndege kumi na mmoja nimewatunga kwenye ugwe, nikatembea kifua mbele kama jemadari. Baadhi yao walikuwa wekundu na weusi. Mwenyewe nilifikiri hao ndio madume wa kwelea, tena wakubwa wa genge.

Kuna mwingine ambaye simsahau. Alikuwa ndege mrefu, mweusi, amesimama peke yake kwenye mfereji. Nilimvurumishia dongo likampata mguuni. Alipogeuza kichwa niliuona mdomo wake: mkubwa, na haukufunga katikati. Palikuwa na mwanya ambao ungeweza kuona mbingu ng'ambo ya pili. Nikadhani ni kilema. Aliruka kwa shida, mguu mmoja ukining'inia, akaelekea upande wa ziwa. Mimi nikacheka, nikatafuta dongo jingine.

Nilipojiunga na shule hii mwaka 2024, niliingia klabu ya wanyamapori. Nitasema kweli: niliingia kwa tamaa ya safari. Nilikuwa nimesikia kwamba wanachama hupelekwa Kisumu kuona swara na chui katika hifadhi ya Impala, tena kwa basi la shule. Asubuhi ya Jumamosi ya kwanza, mwalimu wetu alitupeleka nyuma ya jikoni.

"Semeni mnaona ndege gani," akasema.

"Kunguru," tukajibu kwa sauti moja. Kunguru walikuwapo, wale wenye fulana nyeupe kifuani, wakipekua mabaki ya githeri.

"Na wengine?"

Kimya. Tulisimama pale dakika ishirini, naye hataki kusema lolote. Mwishowe mmoja akaona njiwa, mwingine akaona mbayuwayu juu ya paa, halafu kidege cha rangi ya kung'aa kikinyonya ua la mpapai, ambacho mwalimu alituambia kinaitwa chozi. Tulipoondoka tulikuwa na aina tisa. Tisa, nyuma ya jikoni ambako mimi nilikuwa nimekwenda kila siku kupanga foleni!

Darubini ilikuwa moja na sisi tulikuwa zaidi ya ishirini. Kitabu nacho kilikuwa kimoja, kile cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotolewa mwaka 2002, na ndani yake mna aina zaidi ya 1,300. Mgeni akikifungua hupata kizunguzungu. Ndiyo maana mwalimu alikataza mtu yeyote kukigusa kabla ya kuangalia. Kwanza ukubwa: je, ni kama shomoro, kama njiwa, ama kama kunguru? Pili mdomo, maana mdomo hukwambia anakula nini. Halafu mkia, miguu, mwendo, sauti, na mahali alipo. Rangi, akasema, iacheni mwisho, rangi ni mwongo. Sikumwamini. Niliona rangi ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu mwenye macho huona.

Makosa niliyoyafanya mwaka huo yangejaza gazeti hili lote. Nilitangaza kwamba nimeona tai akiruka juu ya uwanja wa mpira, watu wakakimbia kutoka darasani. Mwalimu akainua macho mara moja: "Tazama mkia wake. Umegawanyika kama mkia wa samaki. Huyo ni mwewe." Naam, alikuwa mwewe, tena kabla ya saa nne kugonga alishuka akampokonya mwanafunzi wa kidato cha kwanza andazi lake. Kwa wiki mbili niliitwa Tai. Mara nyingine nilisikia sauti ya maji yakimiminwa kutoka chupani, glu-glu-glu, nikatafuta bomba lililopasuka. Kumbe ni dudumizi, amejificha kwenye kichaka cha michongoma. Na wale wapiga kelele ambao hutuamsha bwenini kabla ya kengele, ambao kila mmoja wetu amewalaani, ni kwarara. Ukimwona kwarara akitembea nyasini, akidunga ardhi kwa mdomo wake uliopinda ili atoe wadudu, na jua likilipiga bawa lake likageuka kijani na zambarau, utamsamehe. Mimi nimemsamehe, ila siku za Jumapili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika muhula wa pili nilikuwa nakifunua kitabu kile, nikafika kwenye kurasa za jamii ya mnana na kwelea. Palikuwa na picha ya ndege mwekundu na mweusi, mwekundu kama kaa la moto. Nilimtambua mara moja: jemadari wangu! Lakini jina halikuwa la kwelea. Alikuwa kweche. Dume la kweche huvaa vazi hilo majira ya kuzaa tu, yakiisha hulivua akabaki wa kahawia yenye michirizi. Jike lake ni la kahawia mwaka mzima. Jike la kwelea pia ni la kahawia yenye michirizi. Ukiwaweka pamoja kwenye suke moja la mpunga, mimi na wewe tutaona ndugu wawili. Tofauti iko mdomoni: kwelea mdomo wake ni mwekundu kama pilipili iliyoiva. Na hata hapo kuna mtego, kwa maana jike la kwelea mdomo wake hugeuka njano wakati wa kuzaa. Rangi ni mwongo kweli.

Nilikumbuka ule ugwe wa ndege kumi na mmoja. Sijui walikuwa kwelea wangapi, na sitajua. Kweche naye hudonoa mpunga, sikatai, hata mnana hudonoa, lakini hawaji kama moshi. Hula mbegu za nyasi pia, na wadudu juu yake.

Kisha nikafunua kurasa za korongo, na hapo ndipo moyo ulinidunda. Mdomo wenye mwanya! Si kilema hata kidogo. Ndivyo alivyoumbwa korongo huyo, na mdomo huo ni chombo chake cha kazi: huutumia kumtoa konokono katika gamba lake. Chakula chake hasa ni konokono na kombe wa maji matamu. Punje ya mpunga hana haja nayo. Yule niliyempiga alikuwa mferejini akifanya shughuli zake, na mimi nikamvunja mguu kwa kosa la jirani yake.

Nilifunga kitabu. Mwenzangu akaniuliza, "Mbona umenuna, Tai?" Nikamwambia nina njaa.

Desemba 2024 nilirudi Ahero na daftari dogo la ndege mfukoni. Mama alilipindua pindua. "Hii ndiyo karo yangu inasoma?" akauliza. Lakini jarubani ilibainika kwamba mwanafunzi wa kweli ni mimi. Yangeyange, wale weupe wanaofuata ng'ombe, yeye huwaita *okok*, na alijua kwamba wanafuata panzi na vyura. Mnana ni *osogo*. Bundi ni *tula*, na hapo alishusha sauti, maana kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Nilimweleza kwamba bundi hula panya, na panya pia ni mwizi wa mpunga. Akasema hilo analijua, ila alie kwingine.

Wiki moja kabla ya Krismasi moshi ulikuja. Tulipiga mikebe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Jioni ya tatu jirani mmoja alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na dawa ya punje punje, ile ya kuua wadudu wa ardhini. Alisema ukiichanganya na mpunga kidogo ukamwaga kwenye tuta, ndege hawaamki. Tena akaongeza kwamba wale wakubwa huuzika. Mambo haya si mageni. Kule Bunyala, katika kaunti ya Busia, watafiti waliandika tangu miaka kumi na mitano hivi iliyopita kuhusu ndege wa mpunga wanaotegwa kwa sumu, korongo mdomo-wazi miongoni mwao, kisha wakauzwa kama kitoweo.

Nilianza kuhutubu. Nilitaja konokono, panzi, mizoga, tai na bundi watakaokula mizoga, na binadamu watakaokula korongo. Jirani alinitazama kama anayetazama redio. Mama hakunitazama kabisa. Alikuwa anaangalia mfereji.

"Na bata wangu?" akamwuliza jirani. "Wao wataambiwa na nani wasile?"

Jirani akaondoka na mfuko wake. Hotuba yangu haikumwokoa hata korongo mmoja, ni bata sita ndio waliomwokoa. Nasema hivi ili mtu asinipe sifa zisizo zangu.

Wala sitasema kwamba mambo yaliishia vyema. Kona nzima ya upande wa barabara ililiwa. Tulitarajia magunia kumi na sita, tukavuna kumi na mawili, na mbuzi mmoja aliuzwa ili mimi nirudi shuleni, nikachelewa siku nne. Wapo wanaoweza kumpenda kwelea. Nimesoma kwamba kundi lake ni moja ya maajabu ya Afrika, na naafiki, nimeliona likigeuka machweo kama kitambaa kinachokunjuliwa angani. Lakini ajabu hilo lilikula mbuzi wetu. Nikimwona bado natafuta dongo.

Jioni ya mwisho kabla ya mavuno tulikuwa wawili jarubani, Mama upande mmoja wa tuta na mimi upande mwingine. Kidege cha kahawia kikatua kwenye suke mbele yake, peke yake, suke likainama. Mama alikuwa tayari ameinua mkono, dongo kiganjani. Akausimamisha mkono hewani, akaniita.

"Wewe! Huyu ni wako au ni wangu?"

Nikamwambia asubiri kidogo, bado sijauona mdomo.