Mtumbwi Mkuukuu wa Sota

Ninyi mnaokaa milimani Tarime, na ninyi wenzetu wa ng'ambo ya mto Mara huko Serengeti, mnada wa ng'ombe mnaujua tangu utotoni. Mnyama mnamfungua kinywa mkamtazama meno, mnamshika nundu, mnamtembeza ili mwone kama anachechemea. Na muuzaji akisema maneno mengi mno, mnaanza kumtilia shaka. Lakini ni nani kati yetu ajuaye kukagua mtumbwi? Hauna meno wala hauchechemei. Nao ukiwa na ugonjwa, mwenyewe huugundua akiwa katikati ya maji. Basi leo nataka niwapeleke ziwani mwone jinsi chombo kikuukuu kilichotengenezwa upya kinavyouzwa, kwa maana vijana wetu siku hizi hushuka huko na fedha za ng'ombe mfukoni, na wengine hawamwulizi mtu.

Zamani wilaya ya Tarime ilifika mpaka ziwani. Tangu mwaka 2007 upande ule wa maji ni wilaya ya Rorya, nasi tumebaki na milima yetu. Kutoka Tarime mjini unateremka mpaka Mika, hapo unaiacha barabara kuu iendayo Musoma, unashika njia ya magharibi kupita Utegi mpaka Shirati. Safari si ndefu, ila utadhani umebadili nchi. Migomba na kahawa vinakwisha, baridi inakwisha, unaingia katika tambarare ya mtama, mihogo na miti ya miiba, na joto linakupiga usoni. Shirati ni mahali pa siku nyingi. Wajerumani walikuwa na boma lao hapo, na Wamennonaiti walifika mwaka 1934, wakaanzisha kazi iliyozaa hospitali ambayo hata watu wa kwetu huikimbilia. Ukishuka kidogo tena, mbele yako ni Sota na Ziwa Victoria, lenye maji ya nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda. Mkiwa Serengeti mnauona mto Mara ukienda zake na mamba wake. Basi maji yale yale hupita chini ya daraja la Kirumi, yakaingia katika ziwa hili.

Sota ni mwalo, ndivyo watu wa ziwa wanavyoita mahali pa kutia vyombo nanga. Dagaa wameanikwa, kuna harufu yao, kuna kunguru, akina mama wamekaa na beseni wakingojea wavuvi. Wenye uwezo wana mitumbwi ya injini. Wasio na uwezo bado wana tanga, na tanga lenyewe mara nyingi ni mifuko ya sandarusi iliyoshonwa pamoja. Msilidharau. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, nao huwapeleka wavuvi bila kulipia mafuta. Mchana jua likishakuwa kali upepo hugeuka, hutoka ziwani kuja nchi kavu, ukawarudisha nyumbani. Mwenye injini hununua petroli kwenda na kurudi. Mwenye tanga anahitaji subira, na chombo kisichovuja.

Mimi nilikwenda huko kwa ajili ya kalamu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliuza ng'ombe wawili akataka kununua mtumbwi wa tanga ashirikiane na rafiki zake Wajaluo waliokwisha zoea maji. Akaniomba niende nimwandikie hati, kwa kuwa mimi ni karani wa parokia na kuandika ndiyo kazi yangu. Tulikuta mitumbwi miwili inauzwa. Mmoja ulikuwa umepakwa rangi ya buluu, unang'aa, na ubavuni umechorwa ua jekundu. Wa pili ulikuwa umepinduliwa juu ya magogo chini ya mti, mbao tupu, mpya na kuukuu zimechanganyika kama nguo yenye viraka. Bei ya ule wa buluu ilikuwa ndogo. Macho ya shemeji yakaenda huko, na mimi sikumlaumu, maana hata mimi niliupenda.

Mwenye ule wa viraka alikuwa mzee wa Kijaluo, fundi wa mitumbwi. Aliukuta umetupwa majanini, mwenyewe amekwenda kutafuta dhahabu Nyamongo. Akaununua kwa fedha kidogo, akatoa mbao tatu za chini zilizooza akatia za mvule, akang'oa misumari yenye kutu, akapigilia pamba katika nafasi za mbao kwa patasi na nyundo. Kazi hiyo watu wa pwani huiita kukalafati. Juu ya maungio akapiga vipande vyembamba vya bati. Shemeji akamwuliza, "Mzee, mbona hukupaka rangi?"

Akajibu, "Rangi utapaka wewe, mwanangu, ukishaununua. Nikipaka mimi, wewe utaona nini?"

Kisha akachukua kisu chake kidogo akampa, akamwambia adunge popote apendapo. Hapa ndipo nilipojifunza, nami nawaambieni mpate kujua. Usidunge ubavuni juu, huko jua hukausha na mbao hudumu. Dunga chini karibu na mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo. Dunga pale mbavu zinapokutana na mkuku, maana maji machafu hukaa hapo siku zote. Dunga pua ya mtumbwi inayopigwa na mchanga kila siku. Mbao nzima hukirudisha kisu. Iliyooza hukimeza. Tazama pia kuzunguka kila msumari: ukiona doa jeusi na mbao laini, msumari ule haushiki kitu. Tanga nalo liinue uangalie jua kupitia ndani yake, kwa sababu jua huioza sandarusi, nayo huchanika siku ya upepo mkali, yaani siku ile unayoihitaji.

Shemeji alipomaliza hapo alikwenda na kile kisu mpaka kwenye mtumbwi wa buluu. Alidunga karibu na mkuku, kisu kikaingia mpaka mpini. Chini ya rangi palikuwa na lami, chini ya lami palikuwa na kitambaa, na chini ya kitambaa mbao ilikuwa kama mkate uliolowa. Mwenye mtumbwi alikasirika, akasema tumemharibia mali. Hatukubishana naye. Lakini mpaka leo najiuliza kama alipata mtu wa kuununua, na mtu huyo ana watoto wangapi. Meli MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, taifa zima liliomboleza. Mtumbwi wa watu watatu ukipotea usiku, magazeti hayapati habari.

Basi tukarudi kwa mzee. Tukauingiza mtumbwi majini, na mara maji yakaanza kuingia kila upande! Shemeji akanishika mkono tuondoke. Mzee akacheka, akasema mbao imekaa juani miezi miwili, ina kiu, ngojeni inywe. Ni kweli, chombo kilichokauka huachana mbao zake, nazo zikilowa huvimba na kubana. Kwa hiyo msikihukumu chombo kwa saa yake ya kwanza. Na kinyume chake mkijue: chombo kilichoachwa majini siku nyingi huonekana kizima, kumbe uvimbe wa mbao ndio unaoficha nyufa. Tukaukumba maji mpaka jioni, tukaupakia mawe uzito wa watu wanne, tukaufunga tukaenda kulala. Asubuhi tulipima maji yaliyoingia, yakawa kata mbili tu.

Wakati wa kungoja, shemeji, ambaye aliwahi kufanya kazi Bagamoyo, alimwuliza mzee kwa nini mitumbwi ya ziwa haina mbawa kama ngalawa za huko. Mzee alikuwa hajaiona ngalawa. Ninyi wasomaji msioiona pia, ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na kila upande miti miwili imetokeza nje ikishika ubao unaoelea, ndiyo matengo. Hayo huizuia isipinduke, ingawa gogo lenyewe ni jembamba. Katika nchi nyingine watu wameungana na magogo mawili au zaidi. Kwa Kitamil, lugha ya India ya kusini, magogo yaliyofungwa pamoja huitwa kattumaram, na kutoka hapo Wazungu wakapata neno katamarani, yaani chombo cha matumbo mawili yaliyounganishwa kwa miti ya kati. Huko California, Marekani, mtu mmoja aitwaye Hobie Alter mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuuza katamarani ndogo za tanga ambazo watu wawili huweza kuzivuta kutoka mchangani na kuzishusha majini. Zilienea sana, na vyombo vikuukuu vya namna hiyo hutengenezwa na kuuzwa tena mpaka leo.

Hivyo havina mbao, ni vya faiba, lakini ujanja wa wauzaji ni ule ule. Ngozi mbili za faiba zina povu gumu katikati. Ngozi ikiachana na povu, chombo hulegea hapo, na rangi mpya huficha. Mnunuzi mwenye akili hubonyeza kwa kidole gumba na kugonga kwa sarafu. Penye afya hulia, penye ugonjwa husikika kama umegonga boga bovu. Nilipomweleza mzee hayo alifurahi sana, akasema kumbe hata Wazungu wana watu wa rangi ya buluu.

Sasa bei. Mzee alitaka shilingi 1,600,000. Shemeji akatoa 1,100,000. Wakavutana kama mnadani. Kisha mzee mwenyewe akatuita nyuma ya mtumbwi akatuonyesha mbao mbili karibu na usukani. "Hizi sikuzibadili," akasema. "Zitakaa mwaka, labda miwili, halafu mtazitoa. Hesabuni bei yake." Tulikuwa tumezipita kwa kisu bila kuziona. Wakapatana kwa 1,350,000.

Hati tuliiandikia mbele ya viongozi wa kikundi cha ulinzi wa mwalo, na ninyi mfanye hivyo hivyo. Andikeni namba ya usajili iliyo ubavuni, maana mpaka wa Kenya uko karibu na chombo kisicho na namba humtia mwenyewe taabuni. Leseni ya muuzaji isikufanye ulale; nenda kwa ofisa uvuvi upate yako kwa jina lako. Na kila kitu kinachokwenda na mtumbwi kitajwe, kisije kikabaki nyumbani kwa muuzaji. Sisi tuliandika: tanga moja, mlingoti na foromali yake, makasia mawili, kamba ya nanga na kata ya kukumbia maji. Jaketi za kuokolea maisha hazikuwamo, shemeji alizinunua mbali kabla ya kuingia majini.

Nilipomsomea mzee hati, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Akasema haijatimia, kwa kuwa sikuandika zile mbao mbili za karibu na usukani. Nikaongeza mstari huo, nikamsomea tena, akatia dole gumba.